Kuzuia uoksidishaji wakati wa usintaji

Kuzuia uoksidishaji wakati wa usintaji ni jumla ya mbinu zinazotumika kuilinda metali au nyenzo nyingine isiungane na oksijeni inapopashwa joto kali ndani ya tanuri. Usintaji ni njia ya kutengeneza vitu kutokana na unga bila kuuyeyusha wote. Unga hukandamizwa katika kalibu, kisha hupashwa joto lililo chini ya kiwango cha kuyeyuka cha nyenzo kuu, hadi punje zake zishikamane na kuwa kipande kimoja kigumu. Gia na beringi za magari, ncha za keekee za kutobolea mwamba, kapasita ndogo za simu na baadhi ya vipandikizi vya mifupa hutengenezwa kwa njia hii.

Katika joto hilo karibu kila metali huungana haraka na oksijeni ya hewa. Kwa sababu hiyo tanuri la usintaji hujazwa gesi maalumu, au hutolewa hewa yote ili libaki na ombwe. Hakuna gesi moja inayofaa nyenzo zote. Hidrojeni inayosafisha chuma huharibu titani, nitrojeni inayofaa alumini hudhuru feleji isiyoshika kutu, na kauri nyingi huhitaji oksijeni yenyewe. Kuchagua gesi, kuiweka kavu na kuilinda hadi kipande kipoe ndiyo kazi kubwa ya fundi wa usintaji.

Sababu za tatizo

Punje mbili za metali zinapogusana katika joto kali, atomu zake huhama taratibu kuelekea mahali pa mguso. Hapo huota "shingo" inayoziunganisha. Shingo hiyo hunenepa, vitundu kati ya punje hupungua, na kipande huwa kizito na imara zaidi. Mwenendo huu hutegemea metali kugusana na metali. Punje ikiwa imefunikwa na utando wa oksidi, atomu hazipiti kwa urahisi, na shingo huwa nyembamba au hazioti kabisa. Kipande kinaweza kuonekana kizima kwa macho lakini kikavunjika kwa pigo dogo.

Unga hupatwa na tatizo hili kuliko metali nzima kwa sababu uso wake ni mkubwa mno. Mchemraba wenye ubavu wa sentimita 1 una eneo la uso la sentimita za mraba 6. Mchemraba huohuo ukigawanywa kuwa vichemraba vyenye ubavu wa mikromita 10, jumla ya eneo la uso huwa sentimita za mraba 6,000, yaani mara elfu moja zaidi. Baadhi ya unga laini sana, kama ule wa titani au zirkoni, unaweza hata kuwaka wenyewe ukikutana na hewa.

Oksijeni inayodhuru hutoka sehemu nne:
- utando wa oksidi uliokuwa tayari juu ya unga kabla haujaingia tanurini;
- hewa iliyobaki katika chumba cha tanuri na katika vitundu vya kipande chenyewe;
- hewa inayovuja kupitia milango, sili na mabomba;
- mvuke wa maji, ama uliomo katika gesi, ama uliofyonzwa na matofali na vifaa vya kuzuia joto vya tanuri.

Chanzo cha mwisho husahaulika mara nyingi. Tanuri lililokaa wazi kwa siku kadhaa katika mji wenye unyevu mwingi hunyonya maji, na maji hayo hutoka tena linapopashwa joto. Kwa hiyo ni desturi kulipasha tanuri tupu kwanza ili likauke.

Historia

Kati ya metali za kwanza kusintwa kwa utaratibu wa kisayansi ilikuwa platini. William Hyde Wollaston wa Uingereza alieleza njia yake katika mhadhara wa mwaka 1828, uliochapishwa mwaka 1829. Alitengeneza unga wa platini, akaukandamiza, akaupasha joto na kuufua hadi ukawa metali nzima. Platini haishikani na oksijeni kwa urahisi, hivyo Wollaston hakuhitaji gesi ya kinga.

Hali ilikuwa tofauti kwa wolframi, ambayo huyeyuka kwenye 3422 °C na huungua hewani kabla ya kufika mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 William D. Coolidge, akifanya kazi katika kampuni ya General Electric nchini Marekani, alikandamiza unga wa wolframi kuwa vipande vyembamba. Alivisinta kwa kupitisha umeme ndani yake vikiwa vimezungukwa na hidrojeni. Kisha vipande hivyo vilifuliwa na kuvutwa kuwa nyuzi za balbu. Bila hidrojeni nyuzi hizo zisingepatikana.

Katika miaka ya 1920 Karl Schröter wa kampuni ya Osram nchini Ujerumani aliunganisha kabidi ya wolframi na kobalti, akapata metali ngumu inayotumika hadi leo katika ncha za kukatia. Mwaka 1944 Mwingereza Harold Ellingham alichapisha mchoro unaolinganisha nguvu ya metali mbalimbali ya kushikana na oksijeni katika kila kiwango cha joto. Mchoro wa Ellingham bado ni chombo cha kwanza cha kukadiria gesi ipi itailinda metali ipi.

Msingi wa kikemia

Uoksidishaji ni mmenyuko unaoweza kwenda pande mbili. Kwa chuma kilicho ndani ya hidrojeni mmenyuko huandikwa hivi:

FeO + H₂ ⇌ Fe + H₂O

Hidrojeni ikiwa nyingi na mvuke wa maji ukiwa mdogo, mmenyuko huelekea kulia: oksidi hunyang'anywa oksijeni na kuwa chuma safi. Mvuke ukizidi, mmenyuko hugeuka na chuma huoksidika, hata kama hakuna hewa yoyote ndani ya tanuri. Linaloamua ni uwiano kati ya mvuke na hidrojeni, pamoja na kiwango cha joto. Wingi wa hidrojeni peke yake hautoshi.

Metali hutofautiana sana katika uwiano zinaoweza kuuvumilia. Kwenye 1120 °C chuma hubaki salama hata mvuke ukifikia nusu ya kiasi cha hidrojeni. Kwa kromi, mvuke lazima uwe chini ya takriban sehemu moja kwa elfu. Kwa alumini na titani hakuna hidrojeni ya kiwandani iliyo kavu kiasi cha kuondoa oksidi yake. Metali hizi hulindwa zisioksidike zaidi, lakini oksidi iliyokwisha kuwapo haiwezi kuondolewa kwa gesi.

Kaboni hufanya kazi kama hidrojeni. Inapokuwa katika joto kali huchukua oksijeni na kuwa monoksidi ya kaboni, gesi ambayo nayo huweza kunyang'anya oksidi oksijeni. Kaboni ina sifa ya pekee katika mchoro wa Ellingham: kadiri joto linavyopanda ndivyo nguvu yake ya kunyang'anya oksijeni inavyoongezeka. Ndiyo sababu mkaa umetumika tangu zamani kuyeyushia madini ya chuma.

Kiwango cha umande

Unyevu wa gesi hupimwa kwa kiwango cha umande, yaani halijoto ambayo mvuke uliomo katika gesi huanza kuganda. Kadiri kiwango hicho kilivyo chini, ndivyo gesi ilivyo kavu. Katika kanieneo la kawaida la hewa makadirio ni haya:
- umande wa 20 °C: mvuke takriban asilimia 2.3;
- umande wa 0 °C: takriban asilimia 0.6;
- umande wa −40 °C: takriban sehemu 127 kwa milioni;
- umande wa −60 °C: takriban sehemu 11 kwa milioni.

Chuma cha kawaida husintwa vizuri katika gesi yenye umande wa wastani. Feleji isiyoshika kutu, ambayo ina kromi, huhitaji −40 °C au chini yake. Gesi hukaushwa kwa kupitishwa katika nyenzo zinazofyonza maji kabla ya kuingia tanurini.

Njia za kuzuia

Gesi zinazonyang'anya oksijeni

Hidrojeni safi ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ni ghali na huwaka kwa urahisi. Viwanda vingi hutumia mchanganyiko wa nitrojeni na hidrojeni, mara nyingi asilimia 5 hadi 10 ya hidrojeni. Njia nyingine ni kuvunja amonia kwa joto, ambayo hutoa mchanganyiko wa asilimia 75 hidrojeni na asilimia 25 nitrojeni. Amonia isiyovunjika sawasawa huacha nitrojeni hai inayoweza kuingia katika metali.

Gesi asilia inayochanganywa na hewa kidogo na kupitishwa juu ya kichocheo chenye joto hutoa gesi yenye takriban asilimia 40 nitrojeni, asilimia 40 hidrojeni na asilimia 20 monoksidi ya kaboni. Gesi hii ni nafuu, nayo husaidia kulinda kiasi cha kaboni kilichomo ndani ya feleji. Haifai kwa feleji isiyoshika kutu, kwa sababu kaboni yake na unyevu wake huharibu kromi.

Gesi zisizoshiriki katika mmenyuko

Arigoni ni gesi adimu isiyoungana na metali yoyote katika tanuri. Nitrojeni hutumiwa zaidi kwa sababu ni nafuu, lakini si gesi adimu. Katika joto kali huungana na titani na kromi na kuunda nitridi. Gesi hizi hufukuza hewa tu. Haziondoi oksidi iliyokuwapo.

Usafi wake pia una mpaka. Arigoni yenye usafi wa asilimia 99.999 inaweza kuwa na uchafu wa sehemu 10 kwa milioni. Tanuri likipitisha lita 5 kwa dakika kwa muda wa saa 4, jumla ya gesi ni lita 1,200. Iwapo uchafu huo wote ni oksijeni, ni mililita 12, yaani takriban miligramu 16. Kipande cha titani cha gramu 10 kikiinasa yote, huongezewa asilimia 0.16 ya oksijeni. Aloi ya titani inayotumika sana, yenye asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi, hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.20 kwa jumla, na unga wake huwa na oksijeni tayari kabla ya kuingia tanurini. Kwa hiyo kuongeza mtiririko wa gesi hakuongezi usalama kila mara.

Ombwe

Katika tanuri la ombwe pampu huondoa hewa hadi kanieneo liwe dogo sana, kwa kawaida kati ya milibari 0.01 na 0.00001, ilhali kanieneo la kawaida la hewa ni takriban milibari 1013. Ombwe pia huvuta gesi zilizonaswa katika vitundu. Titani, tantali na metali ngumu za kabidi husintwa zaidi kwa njia hii.

Ombwe lina hasara yake: baadhi ya metali huvukizwa. Zinki hutoka katika shaba nyeupe, na kromi hupungua juu ya uso wa feleji isiyoshika kutu. Ili kuzuia hilo, arigoni kidogo hurudishwa ndani ya chumba joto linapopanda.

Mkaa na vifuniko

Mahali pasipo na mitambo ya gesi, kipande hufukiwa katika unga wa mkaa au grafiti ndani ya sanduku lenye kifuniko. Mkaa huila oksijeni iliyo ndani ya sanduku kabla haijafikia metali. Mafundi wa mapambo wanaotumia udongo wa shaba au wa shaba nyeusi, yaani unga wa metali uliochanganywa na gundi, huchoma kazi zao ndani ya mkaa amilifu wa vifuu vya nazi. Udongo wa fedha safi unaweza kuchomwa hewani bila mkaa, kwa kuwa oksidi ya fedha huvunjika yenyewe inapopata joto.

Njia ya mkaa haifai kila metali. Chuma hunyonya kaboni, na kikinyonya nyingi huanza kuyeyuka karibu na 1150 °C, ingawa chuma safi huyeyuka kwenye 1538 °C. Titani hugeuka kuwa kabidi juu ya uso wake.

Mitego ya oksijeni

Metali yenye uchu mkubwa wa oksijeni, kama vipande vya titani au zirkoni, huwekwa karibu na kazi au katika njia ya gesi kabla haijafika kwenye kazi. Metali hiyo huoksidika kwanza na kuikinga kazi. Mtego ukishajaa oksidi hupoteza nguvu na lazima ubadilishwe.

Kufukuza hewa kabla ya kuwasha

Kupitisha gesi katika chumba kilichojaa hewa hakuondoi hewa yote mara moja, kwa sababu gesi mpya huchanganyika na hewa ya zamani. Iwapo zinachanganyika kikamilifu, kupitisha gesi yenye ujazo mara 5 wa chumba hushusha oksijeni kutoka asilimia 21 hadi takriban asilimia 0.14. Huhitajika ujazo mara 10 ili kufikia takriban sehemu 10 kwa milioni.

Penye pampu kazi huwa nyepesi. Chumba kikivutwa hadi milibari 1 na kujazwa arigoni safi mara moja, oksijeni hubaki takriban sehemu 200 kwa milioni. Tendo hilo likirudiwa mara ya pili, hubaki chini ya sehemu 1 kwa milioni. Pampu pia hutoa hewa iliyo ndani ya vitundu vya unga, ambayo mtiririko wa gesi hauifikii kwa urahisi.

Hatua za safari ya tanuri

Katika viwanda vya vipande vya chuma, kazi hupita juu ya mkanda kupitia sehemu tatu za tanuri.

Sehemu ya kwanza huondoa mafuta au nta iliyochanganywa na unga ili ukandamizike vizuri. Hutoka kati ya takriban 400 °C na 700 °C. Yasipotoka kwa wakati huacha masizi ndani ya vitundu. Hapa unyevu kidogo katika gesi husaidia kuyabeba, jambo ambalo lingekuwa kosa katika sehemu inayofuata.

Sehemu ya pili ndiyo ya usintaji wenyewe, kwa chuma kwa kawaida karibu na 1120 °C. Gesi lazima iwe kavu ili oksidi za zamani ziondoke.

Sehemu ya tatu ni ya kupoza. Makosa mengi hutokea hapa, kwa kuwa kazi huonekana imekwisha. Metali yenye kromi huweza kuoksidika upya wakati wa kupoa, kwa sababu unyevu usiodhuru kwenye joto la juu hudhuru joto linaposhuka. Gesi ya kinga huendelea kupita hadi kipande kiwe na joto dogo, kwa kawaida chini ya 200 °C. Mlango ukifunguliwa mapema, uso hugeuka rangi.

Mahitaji ya kila nyenzo

- Chuma na feleji ya kawaida: takriban 1120 °C hadi 1250 °C, katika nitrojeni yenye hidrojeni kidogo. Kiasi cha kaboni huangaliwa kwa makini, kwa sababu gesi yenye unyevu huila.
- Feleji isiyoshika kutu: takriban 1120 °C hadi 1350 °C, katika hidrojeni kavu au ombwe. Nitrojeni nyingi huunda nitridi za kromi, na sehemu iliyopoteza kromi hushika kutu.
- Shaba: oksidi yake huondolewa kwa urahisi. Hata hivyo hidrojeni ikiingia ndani ya shaba yenye oksidi iliyonaswa, huzaliwa mvuke wa maji usio na njia ya kutokea, na kipande hupasuka ndani kwa ndani.
- Alumini: takriban 600 °C, katika nitrojeni kavu sana. Utando wake hauondolewi na gesi. Magnesi kidogo huchanganywa katika unga ili ivunje utando huo kutoka ndani.
- Titani: takriban 1200 °C hadi 1350 °C, katika ombwe au arigoni safi. Hunyonya oksijeni, nitrojeni na hidrojeni, ikawa ngumu lakini yenye kuvunjika.
- Wolframi na molibdeni: hidrojeni kavu, wolframi hufikia zaidi ya 2000 °C.
- Kabidi ya wolframi yenye kobalti: takriban 1400 °C, zaidi katika ombwe. Oksijeni ikiila kaboni ya kabidi, huzaliwa mchanganyiko mwingine wa wolframi na kobalti ambao huvunjika kwa urahisi.
- Tantali: ombwe. Unga husintwa uwe na vitundu vingi, kwa kuwa kapasita huhitaji uso mkubwa.
- Nitridi ya silikoni: takriban 1700 °C hadi 1850 °C, katika nitrojeni. Hapa nitrojeni huizuia nyenzo isivunjike.

Baadhi ya malighafi hizi hutoka Afrika ya Kati. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Pamoja na Rwanda ni kati ya wazalishaji wakubwa wa tantali, na Rwanda huchimba pia wolframi.

Tanuri na vipimo

Vipashio vya tanuri navyo huhitaji kinga. Grafiti huanza kuungua hewani ikiwa bado chini ya 600 °C, na molibdeni hugeuka oksidi inayopaa kama moshi. Tanuri la aina hii likivuja, vipashio huharibika pamoja na kazi. Vipashio vya molibdeni iliyoungana na silikoni hustahimili hewa, kwa sababu hujifunika kwa utando wa kioo.

Gesi hupimwa kwa vifaa viwili hasa. Kipima umande huonyesha unyevu. Kihisi cha oksijeni hutumia kauri ya zirkonia, inayotoa umeme mdogo pale oksijeni inapotofautiana kati ya pande zake mbili. Kanuni hiyohiyo hutumika katika kihisi cha ekzosi ya gari. Gesi hupimwa ndani ya tanuri, karibu na kazi, kwa kuwa gesi safi ya mtungi inaweza kuchafuka njiani kupitia mpira wa bomba au kiungo kilicholegea.

Dalili za uoksidishaji

Rangi ya kipande huonyesha mengi. Uso wa kijivu unaong'aa ni dalili njema kwa chuma. Rangi ya majani makavu, zambarau au buluu huonyesha utando mwembamba uliotokea wakati wa kupoa. Uso mweusi unaobanduka huonyesha hewa iliyoingia kwenye joto kali. Feleji isiyoshika kutu yenye rangi ya kijani imepata oksidi ya kromi.

Uso unaong'aa si uthibitisho kamili. Titani inaweza kuonekana safi huku oksijeni ikiwa imeyeyuka ndani yake. Kwa sehemu zinazobeba uhai wa watu, kama za ndege au vipandikizi vya mwili, sampuli huvunjwa na oksijeni yake hupimwa katika maabara.

Wakati oksijeni inapohitajika

Alumina na zirkonia, ikiwemo ile ya meno bandia, ni oksidi tayari na kwa kawaida husintwa hewani. Zirkonia ikisintwa mahali pasipo na oksijeni hupoteza sehemu ya oksijeni yake na kuwa nyeusi. Feriti za manganisi na zinki, zinazotumika katika transfoma ndogo, huhitaji oksijeni iliyopimwa: ikizidi au ikipungua, sifa zao za sumaku huharibika.

Vipande vya chuma vilivyokwisha kusintwa wakati mwingine huoksidishwa kwa makusudi. Hupitishwa mvuke wa maji karibu na 550 °C ili vitundu vya uso vizibwe na oksidi nyeusi ya chuma, ambayo hupunguza kulika na kutu.

Usalama

Gesi zinazoilinda metali zinaweza kumuua mtu. Hidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Haiingizwi katika tanuri lenye hewa na joto dogo. Kwanza hewa hufukuzwa kwa nitrojeni, au chumba hufikishwa kwenye joto la zaidi ya takriban 760 °C, ambapo gesi huungua papo hapo badala ya kujikusanya na kulipuka. Wakati wa kuzima, nitrojeni hutumika tena kuifukuza hidrojeni kabla mlango haujafunguliwa. Gesi inayotoka huchomwa kwenye mdomo wa bomba.

Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Ndiyo gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Sanduku lililojaa mkaa tanurini huitoa pia, hivyo huchomwa mahali penye hewa ya kutosha na kipima gesi.

Nitrojeni na arigoni si sumu, lakini huchukua nafasi ya oksijeni. Mtu anayeingia katika chumba kilichojaa gesi hizo huzimia bila kuhisi kubanwa pumzi, na anayemfuata kumwokoa bila kifaa cha kupumulia hupatwa na hayohayo. Arigoni ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini katika mashimo na ndani ya matanuri marefu. Kabla ya mtu kuingia humo, oksijeni ya ndani hupimwa.

Tazama pia
- Aloi
- Arigoni
- Feleji
- Hidrojeni
- Kauri
- Kutu
- Oksijeni
- Titani
- Wolframi